Mtumbwi wa Bombo

Bombo haina ziwa.
Ina kambi, ina msikiti, ina barabara ya Gulu
inayopita na malori yake bila kutuaga,
na maji yetu huja kwa jerikeni.
Kwa hiyo jirani yangu Fadhilmula alipochungulia uani
akaona mbavu tisa za plaiwudi zimesimama juu ya ubao
kama samaki aliyekwisha kuliwa,
aliuliza alilopaswa kuuliza:
"Afande, hii mtumbwi, maji yake iko wapi?"

Nikamwambia hauendi majini. Ni wa kupendeza tu.
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Miaka ishirini na sita nilitengeneza injini za jeshi.
Kitu kilikuwa kizima au kibovu,
na kizima kiliondoka alfajiri, sikukiona tena.
Sasa nina pensheni, goti bovu,
na randa niliyouziwa na fundi wa majeneza kule Wobulenzi.
Nataka kitu kimoja kisichokwenda popote.

Fito: musizi kwa weupe, mvule kwa wekundu wa chai nzito,
kila ufito upana wa kidole cha shahada,
unene wa sarafu mbili.
Ukingo mmoja nimeuchimba hori, wa pili nimeuviringa,
ili mmoja ulale ndani ya mwenziwe.
Gundi. Vibanio vya nguo. Vipande vya tyubu ya baiskeli.
Fito mbili kila upande kwa usiku mmoja, si zaidi;
gundi haijui cheo, huwezi kuiamrisha ikauke.

Zamzam alininunia miezi miwili
kwa sababu ya vibanio vyake.
(Nguo zilianguka vumbini. Nikazifua mimi.)
Jioni alikaa kibarazani, tabaga lake mapajani,
akisuka ukindu mwekundu, mweusi, wa manjano,
sindano ikiingia, ikitoka,
duara likizaa duara
bila kipimo, bila penseli.
Mimi nilikuwa na penseli kwenye masikio yote mawili.

Ufito wa kumi na moja ukakatika.
Pale kwenye tezi, ambapo mti hutakiwa
kulala na kujinyonga kwa wakati mmoja.
Nikaleta mwingine. Ukakatika.
Wa tatu ukalia kama risasi,
kuku wakakimbilia kwa Fadhilmula.
Nilitukana kwa Kinubi, kisha kwa Kiswahili cha kambini,
kisha kwa ile lugha ya chini ya lori.

Zamzam hakuinua macho.
"Loweka," alisema.
"Nini?"
"Mimi sisuki ukindu mkavu. Wewe nani?"

Nikaziba ncha za mfereji wa bati,
nikalaza fito humo usiku kucha,
asubuhi nikazikanda kwa kitambaa cha maji ya moto.
Ufito ukapinda
kama mtu aliyekubali kosa.

Tangu siku hiyo akaja na kigoda chake.
Randa hakuigusa. Alielekeza kwa kidole cha mguu:
hapa mvule, hapa acha musizi upumue.
Yale mabawa unayoyaona ubavuni
yametoka kwenye tabaga alilosukiwa na mama yake siku ya arusi.
Miaka thelathini nimefunuliwa chakula kwa tabaga lile,
sikuwahi kuona lina mabawa.

Msasa, msasa, msasa. Vanishi mara nne.
Tukauning'iniza sebuleni kwa kamba mbili,
juu ya televisheni, tumbo likitazama wageni.

Mwezi wa nne mvua ikaja na hasira, bati likatoboka.
Tuliamshwa na mlio: tone, mti, tone, mti.
Nikapanda kiti, mimi na goti langu na tochi.
Maji yalikuwa ndani ya mtumbwi,
kina cha vidole vinne, yametulia,
yanaelea nzi mmoja, abiria.

Zamzam alishika kiti.
Nikapapasa tumbo kwa nje, ufito kwa ufito,
toka omo hadi tezi.
"Unavuja?"
Pakavu. Kote pakavu.
"Basi usiyamwage," akasema,
"mpaka Fadhilmula aamke."